Percy wa 1896 na kijana wangu wa dawati la nyuma

Najua kijiwe kimepoa. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko, kuna mmoja kauliza kama nimeoa. Hapana jamani, nilikuwa BTP. Wiki nane nimefundisha Historia na Kiswahili, kidato cha pili, kwenye shule ambayo jina lake naliacha. Nimerudi Mlimani juzi nikiwa na chaki mifukoni, deni la mama ntilie, na jambo moja ambalo limenikaa kooni mpaka nimeona niliandike. Ni refu kidogo. Mwenye test kesho aende zake kimbwetani, atalikuta tu.

Wiki ya pili, kipindi cha Kiswahili, nilimsimamisha kijana mmoja wa dawati la nyuma asome aya kwa sauti. Akasimama, kitabu karibu na uso, kidole kwenye mstari. "Wa...li...po...ka...ri..." Akarudi mwanzo. "Wali...poka...ribia..." Aya yenyewe mistari sita. Darasa likaanza kucheka chini chini, na mimi, mwalimu mwenye uzoefu wa siku tisa, nikaangalia saa, nikamwambia, "Kaa bwana, tutamaliza mwakani." Darasa zima likaangua kicheko. Nakiri, nilijiona mcheshi kweli kweli.

Wiki ya tano tulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji. Historia sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, mnajua, lakini kilikuwa kipindi cha mwisho, jua kali, watu wanasinzia, nikasema leo mwenye la kusema aseme kwa Kiswahili. Mkono wa kwanza kunyooshwa ni wa yule kijana. Akaanzia Ngarambe kwa Kinjekitile Ngwale, akaeleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, akaeleza kwa nini Mmatumbi na Mngoni, ambao hawakuwa na sababu ya kupendana, walijikuta upande mmoja. Halafu akauliza: kama maji hayakuzuia risasi tangu siku za mwanzo, kwa nini watu waliendelea kupigana mpaka 1907? Jibu langu lilikuwa la kubabaisha. Darasa likanyamaza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la kuandika, mada ile ile. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu na nusu. "Majmaji" mstari wa kwanza, "Mamji" mstari wa pili. Nikampa 11 kati ya 50. Nilipomtaja ofisini, mwalimu mmoja mzoefu akaniambia, "Huyo mvivu tu, utajichosha bure." Na mimi nikakubali, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimefikiri mwenyewe.

Sasa, kwenye kozi ya saikolojia ya elimu tulipewa desa lenye ukurasa mmoja kuhusu matatizo ya ujifunzaji. Ukurasa mmoja! Tukaukariri, tukaumwaga kwenye UE, tukausahau. Niliporudi nikaenda maktaba kuutafuta upya. Mimi ni mtu wa Historia, nikikutana na tatizo swali langu la kwanza ni lilianza lini na nani alikuwa wa kwanza kuliona. Ndipo nikakutana na Percy.

Lakini Percy ana waliomtangulia. Mwaka 1877 daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, aliandika kuhusu watu wazima waliokuwa wanaona vizuri, wanaongea vizuri, lakini baada ya ubongo kuumia hawawezi tena kusoma. Akaiita hali hiyo upofu wa maneno. Miaka kumi baadaye, 1887, daktari wa macho wa Stuttgart aitwaye Rudolf Berlin akabuni neno disleksia kutoka Kigiriki, yaani ugumu katika maneno. Mwaka huo huo kule Ufaransa mfanyabiashara mmoja aliyestaafu alishtuka siku moja kwamba hawezi kusoma hata neno moja. Alikuwa anaweza kuandika! Anaandika barua, anamaliza, ukimrudishia asome alichoandika mwenyewe, hawezi. Alipofariki mwaka 1892, Jules Dejerine alipasua ubongo wake, akakuta sehemu za nyuma upande wa kushoto zimeharibika.

Angalieni jambo moja hapo. Hawa wote walikuwa watu wazima waliowahi kusoma wakapoteza. Tena wengi wa waliowachunguza walikuwa madaktari wa macho, kwa sababu mtu asiyeweza kusoma unampeleka kwa nani kama si kwa daktari wa macho? Mpaka leo mtaani kwetu ni hivyo hivyo: mtoto hasomi, mnunulieni miwani.

Tarehe 7 Novemba 1896, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapa makala fupi ya W. Pringle Morgan, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa pwani uitwao Seaford, kusini mwa Uingereza. Ilimhusu kijana wa miaka 14, aliyemwita Percy F. Percy alikuwa mchangamfu, mwepesi kwenye michezo, hana tofauti na wenzake kwa lolote isipokuwa moja. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa shuleni au chini ya walimu wa kumfundisha peke yake, na bado alihangaika kusoma maneno ya silabi moja. Jina lake mwenyewe aliliandika Precy, wala hakuona kosa mpaka alipoambiwa aangalie tena na tena. Lakini tarakimu alizisoma bila shida. Hesabu alipiga. Aljebra, ile ya kuzidisha mabano mawili, alitoa jibu sahihi. Na mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy ndiye angekuwa mwenye akili kuliko wote shuleni.

Wadau, niliposoma sentensi hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Maana hapo Percy alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma la darasa langu, anaeleza habari za Ngarambe.

Morgan alisema jambo ambalo halikuwa limesemwa: huyu hajaumia ubongo, hajapata ugonjwa, amezaliwa hivi. Wazo lilimjia baada ya kusoma makala ya James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, iliyotoka 1895. Hinshelwood naye alipoiona habari ya Percy akaanza kutafuta watoto wa namna hiyo. Mwaka 1907 akaandika kuhusu ndugu wanne wa familia moja wote wenye tatizo hilo, na mwaka 1917 akatoa kitabu kizima. Nampenda huyu mzee kwa sababu moja: alisisitiza kwamba watoto hawa wagunduliwe mapema ili wasichukuliwe ukali kana kwamba ni wapumbavu au watukutu, na kwamba wanafundishika, ila kwa kufundishwa mmoja mmoja na kwa uvumilivu. Zaidi ya miaka mia imepita tangu aseme. Mimi nilisema "tutamaliza mwakani".

(Kuhusu wale ndugu wanne: mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya watu zaidi ya 50,000 waliosema wamewahi kuambiwa wana disleksia na vya zaidi ya milioni moja wasio nayo, wakapata sehemu 42 zinazohusiana nayo. Kwa hiyo mzee wa Glasgow hakukosea kuangalia familia.)

Baada ya hapo historia inavuka bahari kwenda Marekani, na inakuwa ya kuchekesha kidogo, maana inamhusu mtu aliyekosea nadharia akapatia dawa. Samuel Orton alikuwa mtaalamu wa ubongo katika jimbo la Iowa. Mwaka 1925 aliandika kuhusu watoto waliokuwa wameletwa na walimu wao kwenye kliniki ya kutembea vijijini. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 16 ambaye hakuweza kusoma. Kipimo cha akili kilimpa alama za chini, lakini Orton alipozungumza naye aliona kipimo hakimtendei haki. Orton aliona watoto hawa wanachanganya b na d, wanasoma maneno kinyumenyume, akadhani kila upande wa ubongo unatunza picha ya herufi, upande mmoja ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na kwa watoto hawa pande mbili zinagombana. Akabuni jina lake, strefosimbolia, alama zilizopinda. Jina halikudumu, na nadharia haikudumu. Kuchanganya b na d wanafanya watoto karibu wote wanaoanza kusoma.

Ila dawa! Akishirikiana na mwalimu Anna Gillingham, walijenga njia ya kufundisha ambayo mtoto anaiona herufi, anaitamka sauti yake na kuichora kwa kidole, yote kwa pamoja, sauti moja baada ya nyingine, kutoka nyepesi kwenda ngumu, hakuna kuruka. Njia hiyo bado inatumika. Mimi nadhani ilifanya kazi kwa sababu ambayo Orton mwenyewe hakuijua: ilimlazimisha mtoto ashughulike na sauti, sio picha. Nitafika huko.

Miaka ya 1960 napita haraka, ni habari ya majina na sheria. Tarehe 6 Aprili 1963, Chicago, Samuel Kirk alizungumza na mkutano wa wazazi waliokuwa wamechoka kuambiwa watoto wao wana ubongo mbovu, akawapendekezea jina pana zaidi: ulemavu wa kujifunza. Wazazi wakalishika, wakaunda chama, wakasumbua wanasiasa, na mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu, wa aina hii akiwemo, ana haki ya kupewa elimu inayomfaa. Kumbukeni, waliosukuma ni wazazi. Wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Na mwaka 1968 wataalamu walifanya jambo ambalo lilinikera hadi mwenzangu wa meza ya maktaba akaniuliza kulikoni. Shirikisho la dunia la madaktari wa neva lilitoa tafsiri rasmi ya disleksia: ugumu wa kujifunza kusoma licha ya mtoto kufundishwa kwa njia ya kawaida, kuwa na akili ya kutosha, na kuwa na nafasi nzuri ya kijamii na kiutamaduni. Someni tena hilo la mwisho. Maana yake mtoto wa nyumba isiyo na kitabu, wa darasa la watoto 90, anayekaa chini, hawezi kuwa na disleksia kwa mujibu wa karatasi. Yeye akishindwa kusoma, sababu ni umaskini, basi, faili linafungwa. Kana kwamba ubongo unauliza kwanza baba ana gari gani!

Na lile la akili nalo lilileta balaa lake. Kwa miongo kadhaa shule za kule zilimpima mtoto akili, zikampima kusoma, na kama pengo halikuwa kubwa hakupata msaada. Linda Siegel wa Canada aliandika waziwazi mwaka 1989 kwamba kipimo cha akili hakihusiki, kwa sababu watoto wasiosoma vizuri, wenye alama za juu za akili na wenye alama za chini, wanashindwa mahali pale pale. Marekani ilikuja kuacha kuzilazimisha shule kutumia pengo hilo mwaka 2004.

Mahali pale pale ni wapi? Hapa ndipo pananifurahisha kuliko kote, kwa hiyo kaeni vizuri.

Miaka ya 1970, Isabelle Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins kule Connecticut walijiuliza swali ambalo madaktari wa macho hawakuwahi kujiuliza: ili usome, lazima ujue nini kuhusu maneno unayosema? Wakachukua watoto wa miaka minne, mitano na sita, wakawapa kijiti. Mchezo wenyewe: nikisema neno, gonga mezani mara moja kwa kila kipande. Kundi moja liligonga silabi, lingine liligonga sauti moja moja, yaani fonimu. Watoto wa miaka minne, karibu nusu waliweza silabi. Fonimu? Hakuna hata mmoja. Wa miaka sita, waliokuwa wameshakaa darasani mwaka mzima, asilimia 90 waliweza silabi na 70 fonimu. Matokeo hayo yalichapwa 1974.

Nikajaribu na washkaji wa chumbani. Nikasema "kata". Silabi, wote mbili, papo hapo. Fonimu, nne: k, a, t, a. Sawa. Nikasema "mkate". Silabi tatu, sauti tano. Sawa. Nikasema "ng'ombe". Hapo ndipo vita ilipoanza. Mmoja sauti nne, mwingine tano, wa tatu anasema ng' ni sauti mbili na ukibisha anakuletea mwalimu wa Isimu. Tumesoma miaka kumi na tano, tuko watu wazima, tunagombana juu ya ng'ombe. Sasa mtoto wa miaka sita?

Ndiyo siri yenyewe hiyo. Sauti moja moja huisikii ikiwa peke yake, kwa sababu mdomo unazichanganya. Ukisema "ka", k haiji kwanza halafu a ikafuata kama mabehewa, zinakuja zimekumbatiana. Alfabeti inamwomba mtoto azitenganishe. Watoto wengi wanajifunza hilo wakati ule ule wanapojifunza herufi, bila hata kujua. Mwenye disleksia, mara nyingi sana, kamba inakatikia hapo. Frank Vellutino wa Marekani akaja kupigilia msumari kwa jaribio rahisi: aliwaonyesha watoto wasiosoma vizuri herufi za Kiebrania ambazo hawajawahi kuziona, kisha wazichore kwa kumbukumbu. Walizichora sawa na wenzao wanaosoma vizuri. Macho yalikuwa mazima tangu mwanzo! Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford wakaonyesha kwamba watoto wadogo wakifundishwa kupanga maneno kwa sauti zake, na kuziunganisha sauti hizo na herufi, wanakuja kusoma vizuri zaidi. Hesabu kutoka 1877 mpaka hapo. Miaka mia moja tuliangalia jicho na tatizo lilikuwa upande wa sauti.

Sasa kuna swali ambalo hakuna desa lililonijibu. Karibu wote hawa walikuwa wanasoma Kiingereza, na Kiingereza mnakijua, ni lugha yenye though, through na tough, hakuna hata mbili zinazofanana kimatamshi. Je, mtoto wa Kiswahili, ambacho kinasomwa kama kilivyoandikwa?

Jibu nililikuta Ulaya. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha za Ulaya waliomaliza mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Wafini walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno waliyopewa. Waskoti wanaosoma kwa Kiingereza, asilimia 34. Sio kwamba Waskoti hawana akili. Tahajia ndiyo inayowatesa. Na Kiswahili, kwa herufi zake, kiko upande wa Kifini: irabu tano, kila moja na sauti yake, silabi zinazoishia na irabu.

Ila tusishangilie. Heinz Wimmer, kule Austria, mwaka 1993 alichunguza watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani, lugha yenye tahajia nyoofu kuliko Kiingereza. Makosa yalikuwa machache. Kilichowatofautisha na wenzao kilikuwa mwendo. Walisoma sawasawa, lakini polepole mno. Na mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima wanafunzi wa vyuo vikuu (ndiyo, wa chuo, kama sisi) wenye disleksia, wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wale wengine. Lakini walipowekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wote, wa lugha zote tatu, walionyesha udhaifu wa kazi mahali pale pale upande wa kushoto. Tatizo moja, lugha tofauti zinalivalisha nguo tofauti.

"Wa...li...po...ka...ri..." Mnaelewa sasa? Yule kijana hakukosea hata silabi moja! Nilimkalisha chini kwa kosa la mwendo. Na Kiswahili kina mtego wake juu ya hapo, hili ni wazo langu mwenyewe, msinukuu: maneno yetu ni marefu. Walipokaribia. Hawakutuwezesha. Msomaji mwepesi anayameza kwa mkupuo. Anayekwenda silabi kwa silabi, akifika mwisho wa neno mwanzo umeshapoa, inabidi arudi. Na kuandika ni mtihani mwingine; Katie Alcock na Damas Ngorosho waliandika mwaka 2003 kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wa Kiswahili, hoja yao ikiwa kwamba kuandika lugha yenye tahajia nyoofu sio jambo jepesi kama watu wanavyodhani.

Kwa hiyo fuateni safari ya mtoto wa namna hii hapa kwetu. Shule ya msingi anafundishwa ba be bi bo bu, anashika, taratibu lakini anashika. Mwalimu anauliza, anajua kusoma? Anajua. Tiki. Vipimo vyetu vingi vya KKK mtaani vinaishia hapo. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, anasikiliza sana darasani, ana kumbukumbu, anapita. Kiswahili kimemficha kwa huruma yake. Halafu Januari anaingia kidato cha kwanza, na siku ya kwanza anakabidhiwa tahajia ya Percy. Anazama. Na akizama hakuna anayeshtuka, maana darasa zima linahangaika na Kiingereza. "Tatizo lugha," tunasema. Kwa wengi ni kweli. Lakini chini ya hiyo lugha kuna mtoto mwenye tatizo jingine kabisa na hatuna namna ya kumwona. Makadirio mengi yanaangukia kati ya mtoto 1 kwa 20 na 1 kwa 10. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 80. Pigeni hesabu wenyewe.

Na sio wavulana tu. Sally Shaywitz na wenzake wa Yale walifuatilia watoto 445 wa Connecticut tangu chekechea, mwaka 1983. Shule zilikuwa zinataja wavulana wengi kuliko wasichana, kwa mbali. Watafiti walipompima kila mtoto mmoja mmoja, lile pengo kubwa halikuonekana. Matokeo hayo ni ya 1990. Wavulana wanasumbua darasani, wanatajwa. Wasichana wananyamaza. Kulikuwa na dada mmoja dawati la tatu, anaandika kwa mwandiko mzuri ajabu, ananakili ubao wote bila kukosa. Wiki nane sikuwahi kumsikia akisoma. Sikuwahi kumwomba.

Kabla hamjanirukia: sisemi yule kijana ana disleksia. Sina uwezo huo, cheti changu hakijatoka. Inawezekana anahitaji miwani kweli. Inawezekana alikosa darasa la kwanza na la pili akichunga. Ninachosema ni kwamba sikuuliza. Ningeweza kumkalisha pembeni dakika tano, nikampa aya fupi ya Kiswahili na saa, nikalinganisha mwendo wake na wa jirani yake. Ningeweza kumpa maneno ya kubuni, kama "pimata" au "ndolefu", nione anayasomaje, maana hayo huwezi kuyakariri. Ningeweza kumwambia, nieleze Maji Maji kwa mdomo, nami nikaandika alama. Haigharimu hata shilingi. Wapo walimu waliosomea elimu maalumu pale Patandi, Arusha, ningeweza kuuliza nani yuko karibu na shule ile. Kule Finland chuo kikuu cha Jyväskylä kilianza mwaka 1993 kufuatilia watoto tangu kuzaliwa, wengine wa familia zenye disleksia, na kutoka kwenye utafiti huo ukatoka mchezo wa kompyuta na simu wa kuunganisha sauti na herufi, ambao ulijaribiwa mpaka Lusaka kwa watoto wanaosoma Kinyanja. Simu hata mimi ninayo.

Jana nimempigia mwalimu mlezi wangu wa BTP. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua, nikamwuliza kama ile alama ya jaribio la Historia inaweza kubadilishwa, kwamba kijana aulizwe upya kwa mdomo. Akacheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, alama zimeshajazwa kwenye ripoti, wazazi wameshapewa." Nikamwuliza kijana mwenyewe anaendeleaje. Akasema tangu shule zifunguliwe hajamwona, ataulizia.

Nasubiri simu yake. Ngoja nikimbie, saa nane nina lekcha na sijala. Mwenye kumjua mwalimu yeyote wa elimu maalumu mikoa ya kusini aniachie namba.